Bega la Vénant

Mimi nilioa mwanamke mwenye maoni. Wanaume wengine wa Juru walioa wanawake wenye cherehani, wenye sauti ya kwaya, wenye wajomba Australia. Mimi nikapata maoni. Hakuna aliyenionya. Nilipomposa Olga kule Uvira alikuwa ameinamisha macho kama wasichana wote, nikadhani ni haya. Kumbe alikuwa anafikiri.

Nawaambia haya mapema ili mnielewe nilivyojisikia siku ile, niliposimama juani mbele ya kijiji kizima na kumwona mke wangu ameweka mkono juu ya bega la mwanamume mwingine. Tena aliuweka kwa hiari yake, mchana kweupe, mbele ya mtu wa serikali.

Kijiji chetu kiko Juru, ndani ya Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda. Nusu ni sisi Wakongomani wa Kivu ya Kusini, nusu ni Warundi. Sisi tuna kanisa letu la Mwamba wa Neema, lenye ngoma na vipaza sauti. Wao wengi ni Wakatoliki na huimba taratibu. Tukichagua mwenyekiti wa kijiji hatutumii karatasi. Wagombea husimama uwanjani, na kila mtu huenda kujipanga nyuma ya yule anayemtaka, wote wakimwona. Safari hii walikuwa wawili. Wa kwetu alikuwa Dieudonné, muuza mahindi, mtu wa kanisa. Wa pili alikuwa Vénant, mkulima wa Kirundi, mrefu, mpole, mwenye meno yote. Sijui kwa nini nimetaja meno.

Pasta Natanaeli alikuwa amekwisha kutuonyesha njia. Jumapili kabla ya kura alitangaza kwamba ameona katika maono Dieudonné amevaa joho jeupe na watu wote wanamfuata. Kanisa zima likasema amina, na mimi, mpiga ngoma, nikaipiga mpaka viganja vikawaka. Kwenye viti vya akina mama niliona macho mawili tu yaliyokuwa wazi wakati wa maombi. Sihitaji kusema ya nani.

"Mungu hana karte ya kupewa chakula hapa Juru," Olga aliniambia tulipofika nyumbani, akichagua mawe kwenye maharage. "Atachagua mwenyekiti vipi?"

"Olga, usikufuru."

"Sikufuru. Ninauliza."

Pasta alitangaza pia kufunga chakula kwa ajili ya Dieudonné. Nyumba zote za kanisa zilinyamaza, hakuna moshi. Kwangu moshi ulipanda kama kawaida. Olga alikula na watoto, akanipitishia sahani mbele ya pua. "Mimi nitafunga juu ya mvua," alisema. "Juu ya Dieudonné, hapana." Nikabaki na njaa yangu na utakatifu wangu, nikisikia harufu ya maharage.

Siku ya kura ilikuja. Ofisa wa ofisi ya kambi, Mganda mnene mwenye daftari kwapani, hakutaka mchezo.

"Kila mtu aweke mkono kwa bega ya ule wa mbele!" alipiga kelele. "Mimi nataka kuhesabu watu, sitaki kuhesabu panya. Ukitoka kwa line, umekufa, sikuhesabu."

Nilikuwa nimekwisha kujipanga nyuma ya Dieudonné, nikimwachia Olga nafasi mbele yangu kama mume mwema. Olga akatoka kwenye kundi la wanawake, amefunga kitenge chake cha manjano, akapita mbele yetu bila haraka. Akafika kwa Vénant, ambaye bado hakuwa na mtu hata mmoja nyuma yake kwa sababu Warundi walikuwa wanasubiriana. Akainua mkono, akaliweka bega lile chini ya kiganja chake. Si kwa ncha za vidole, kama mtu anayegusa sufuria ya moto. Kiganja kizima.

"Yesu wangu," alisema mama mmoja.

Appolinaire, mzee wa kanisa aliyekuwa nyuma yangu, alinibinya bega. "Baba Bienfait, ule si bibi yako?"

"Una macho, unaniuliza ya nini?"

Bienfait ni mtoto wetu wa kwanza. Nilishukuru Mungu kwamba siku hiyo alikuwa shamba.

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Nilikonda pale pale mstarini. Ofisa alihesabu polepole, na kila nilipotazama ng'ambo, mkono wa mwenye kitenge cha manjano haukuwa umeondoka. Kumbe watu wengine, wakishahesabiwa huku, walikuwa wanachuchumaa na kukimbilia mstari wa pili. Ofisa alipogundua akafunga daftari kwa kishindo. "Hii uchaguzi imekufa. Tutarudia. Na nyinyi watu wa kurukaruka, mimi nawajua." Akapanda pikipiki yake akaenda, na Olga akateremsha mkono na kwenda kuchota maji.

Nyumbani nilimsubiri mlangoni.

"Ulikosa bega ingine?"

"Bega ndiyo ile mutu iko nayo, Baba Bienfait. Ungetaka nimushike masikio?"

"Batu banacheka."

"Bacheke. Nilichagua mutu wa maji. Bwana nilisha kuchagua zamani, ona ule pale amevimba kama mandazi." Alitua dumu, akajifuta shingo. "Ngoja nikuelezee juu ya Vénant. Alisema bomba..."

"Sitaki kusikia hiyo jina mu nyumba yangu!"

Alinitazama kidogo. "Sawa. Siku utataka, utaniuliza."

Habari za bomba nilizijua kama kila mtu. Kijiji kilikuwa kimeahidiwa bomba moja la maji, na mwenyekiti ndiye angekaa na watu wa maji kukubaliana lisimame wapi. Wanawake walikuwa wanateremka bondeni na kupanda tena na madumu, na hawakuwa na mazungumzo mengine. Lakini mimi sikuwa na nafasi ya bomba kichwani. Kichwa chote kilikuwa kimejaa bega.

Pasta alikuja kwetu na Appolinaire. Olga aliwatolea viti, akawapa chai yenye tangawizi, akapiga magoti kidogo kama inavyopasa. Ukimtazama ungesema ndiye mwanamke mtiifu kuliko wote Juru.

"Mama Bienfait," Pasta alianza, "kanisa inakungoja Jumapili. Utakuja mbele, utaomba musamaha."

"Ndiyo, Pasta. Nilikosea nani?"

"Ulishika bega ya mutu asiye bwana yako, mbele ya batu."

"Na bega ya Dieudonné, bamama wangapi baliishika? Bibi yake ni moja tu."

Appolinaire alikohoa ndani ya chai. Mimi nilitazama paa. Ndani yangu kitu kilitaka kucheka, na kitu kingine kikanichoma, kwa maana Olga hakunitazama hata mara moja kuona kama nitamsaidia.

"Mimi niliona maono," Pasta alisema, sauti imeshuka.

"Sikatai, Pasta. Maono ni yako. Mimi Mungu hakunionyesha kitu. Siku atanionyesha, wewe utakuwa wa kwanza kujua."

Pasta akaiweka chini bilauri, akanigeukia mimi. Mwezi uliofuata nilikuwa nifanywe shemasi, na wote tulijua. "Ndugu Bienvenu, shemasi ni mutu anatawala nyumba yake. Siku ya kurudilia kura, nyumba yako isimame mustari moja. Kama haiwezekane, utarudisha fimbo za ngoma." Akaomba, akaondoka. Alipoomba, macho yangu yalikuwa yamefumba na nilijua kabisa ya Olga yako wapi.

Kanisa zima lilidhani nina uchungu wa ushemasi. Wacha wadhani. Ushemasi ungenipita ningelia siku moja nikanyamaza. Nilichoogopa ni kwamba mke wangu alikuwa na mahali anapokwenda bila mimi, ndani ya kichwa chake mwenyewe, na sasa nilikuwa na hakika kwamba mahali pale amekaribishwa Vénant. Mimi nimelala kitanda kimoja na Olga tangu Uvira na sijakaribishwa.

Mimi ni fundi wa baiskeli, nina kibanda changu kando ya njia. Vénant alinijia na gurudumu lake limepinda. "Baba Bienfait, amani. Unaweza kunisaidia spoku?" Nikamwambia spoku zimekwisha. Zilikuwa zinaning'inia nyuma ya kichwa changu, shada zima. Aliziona, akanishukuru, akasukuma baiskeli yake kwenda zake. Upole wake ulinikera kuliko kama angenitukana.

Kisha Olga akaniambia anakwenda Mbarara.

Mama mmoja mzee wa Kirundi, Godeberthe, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na alikuwa amepewa siku ya kupasuliwa hospitali ya misheni kule Ruharo, hapo hapo Mbarara. Olga anauza maharage Rwekubo na ameokota Kinyankore, lugha ya wenyeji, sokoni, kwa hiyo mama huyo alimwomba ampeleke akamsemee kwa waganga. Ni kweli kabisa, Godeberthe alikuwa jirani yetu. Ni kweli pia kwamba Godeberthe ndiye mama mzazi wa Vénant. Hilo la pili Olga hakulitaja, na mimi sikulihitaji kutajiwa.

"Nenda," nilisema.

Nilimwacha atangulie, nikafunga kibanda, nikapanda gari lililofuata kutoka Rwekubo. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nilitaka kufika kabla halijaja. Njiani kote sikuona kilima wala ndizi.

Ruharo nilisimama nje ya uzio wa hospitali mpaka mchana, nyuma ya mwanamke anayeuza chapati. Niliwaona. Godeberthe alikuwa amekaa kwenye benchi, jicho moja limefungwa bendeji, ametulia. Vénant akaja na chapati yenye mayai, akampa Olga. Olga akaikata, nusu akampa mama mzee. Mpaka hapo nilivumilia. Kisha wakasogea pembeni, wao wawili, karibu na ukuta, na wakaanza kuzungumza.

Sikusikia neno. Niliona mkono wa Olga ukipanda, na kidole cha shahada kikasimama mbele ya kifua cha Vénant na kuanza kutikisika.

Ndugu zangu, kidole kile nakijua. Ni changu. Olga hagombani na watu ovyo. Pasta alijibiwa kwa chai na tabasamu. Ofisa akimkosea atamwitikia ndiyo mzee. Kidole hutoka kwa mtu ambaye moyo wake umemweka karibu, mtu anayestahili kukasirikiwa. Kwa miaka yote kimetikisika mbele ya kifua kimoja tu, na hicho kifua kilikuwa kimesimama nyuma ya uzio, kinanuka mafuta ya chapati ya watu. Kama wangeshikana mikono ningeruka uzio na kupiga mtu. Lakini mke akigombana na mwanamume mwingine, utamshitaki wapi?

"Sebo, mzee, unanunua ama unaangalia tu?" muuza chapati aliniuliza. Nilinunua.

Nilirudi Juru mbele yao. Olga alirudi na mama mzee, akapika, akaniuliza kwa nini kibanda kilifungwa mchana. Nikasema kichwa kiliniuma, na hapo sikudanganya.

Siku zote zilizobaki nilikuwa nawaza nikiziba matairi. Nikisimama na kanisa, Olga atakuwa ng'ambo, mkono wake begani kwa Vénant, na mimi nitakuwa nimemkabidhi kwa mikono yangu. Leo ni kura, kesho ni chapati, keshokutwa itakuwa nini? Mke hapotei kwa siku moja, hupotea hatua kwa hatua, na hatua hizi nilikuwa naziona. Basi nikakata shauri. Nitavuka. Nitasimama upande wa Olga, mbele ya Pasta na maono yake, ngoma na ielekee inakoelekea. Olga ataona, naye atajua ni nani anayempenda.

Na jambo moja zaidi, ambalo nililitunza kama pipi shavuni. Nitafika kwa Vénant kabla yake. Bega lile nitalishika mimi.

Siku ya kurudia kura ofisa alifika na sauti ile ile. "Mkono kwa bega! Na leo nimekuja na polisi." Wagombea wakasimama mahali pao. Kanisa likaanza kupanga mstari nyuma ya Dieudonné, na Pasta akanionyesha kwa kidevu nafasi yangu, ya pili toka mbele, nafasi ya shemasi. Nilisimama pale kidogo. Nilihisi mkono wa Appolinaire ukitua begani kwangu. Nikautoa, nikatoka.

Nilivuka kwa miguu yangu yote miwili, moyo unadunda kuliko ngoma ya Pasaka. Pasta aliita, "Ndugu Bienvenu!" Sikugeuka. Nikafika, nikasimama nyuma ya Vénant, nikaweka mkono. Bega lenyewe lilikuwa la mifupa mitupu, na lina jasho. Hili ndilo lililoninyima usingizi!

Vénant aligeuza shingo, macho yamemtoka. "Baba Bienfait? Karibu sana."

"Tazama mbele," nilimwambia.

Nikasubiri. Baada ya muda mkono ukatua begani kwangu, mwepesi, wa mwanamke. Sikugeuka. Nilitaka nisikie vizuri. Nilinyoosha mgongo, nikafumba macho, na nawaambia kweli, siku niliyooa sikuwa na furaha kama ile. Nikasema kwa sauti ndogo, "Unaona? Nilikuja."

"Ego, ndiyo, ninaona," sauti ikajibu. "Sasa ninaona vizuri sana, Mungu ashukuriwe. Lakini bibi yako ni kule."

Alikuwa Godeberthe. Bendeji imetoka, jicho lake jipya linang'aa, na kidole chake chembamba kinaonyesha ng'ambo. Nikatazama. Katikati ya mstari wa Dieudonné, baina ya akina mama wa kwaya, kitenge cha manjano kilikuwa kimesimama, mkono umewekwa sawasawa begani kwa mama wa mbele. Olga alikuwa ananitazama mimi tu. Uso wake nilikuwa sijapata kuuona namna ile, umefunguka wote, kama wa msichana.

"Ukitoka kwa line, umekufa!" ofisa alipiga kelele akipita karibu yangu na kalamu yake. Nikahesabiwa.

Dieudonné alishinda. Pasta Natanaeli aliinua mikono juu. "Haleluya! Maono yametimia! Na dada yetu Mama Bienfait ametubu!"

"Sikutubu, Pasta," Olga alisema, kwa heshima, lakini wote walisikia. "Vénant alisema bomba itakuwa katikati ya kijiji, nikasimama naye. Kiisha akaahidi ndugu zake itaenda juu kwao. Nilimugombeza kule Ruharo, hakunipa jibu. Nikaenda kwa Dieudonné, nikamuuliza mbele ya batu, akasema itakuwa karibu na nyumba ya masomo, fasi ya wote. Ni juu ya ile nilisimama kwake. Akidanganya, na yeye nitamutoka."

Dieudonné alijikuna shingo kama mtu aliyevalishwa joho likambana. Pasta hakuwa na la kusema juu ya Olga, maana alikuwa amesimama mahali alipotakiwa. Juu yangu alikuwa nalo. Appolinaire alinijia akanyoosha mkono, nami nikazitoa fimbo za ngoma mfukoni, nikampa.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Olga na mimi, tumefuatana. Alikuwa na uchangamfu wa ajabu. Alinishika mkono njiani, kitu ambacho watu wa kwetu hawafanyi.

"Bienvenu," alisema. Siyo Baba Bienfait. Bienvenu. "Wakati nilikuona unatoka mu mustari ya kanisa, moyo yangu iliruka. Nilisema, leo bwana yangu amekuwa na mawazo yake. Hata kama ni ingine, si sawa na yangu. Niambie, Vénant alikujibu nini juu ya bomba? Kuko kitu mimi sikusikia?"

Ningeweza kudanganya. Maneno ya kudanganya yalikuwepo, yamejipanga, mkono begani. Lakini alikuwa ananitazama kwa njaa kubwa ya kusikia, na kwa macho yale huwezi.

"Sikumuuliza," nilisema.

"Sasa ulienda kule juu ya nini?"

"Nilizani utakuwa kule."

Kisha mkono wake ukatoka mkononi mwangu, taratibu, bila hasira, akaurekebisha mkunjo wa kitenge chake. "Aa," alisema. "Ulikuwa unanifuata." Na uso wake ukarudi kuwa ule wa kila siku, ule wa kupitishia sahani.

Wivu ulinipanda hapo njiani, mkali kuliko wa siku ya bega, mkali kuliko wa Ruharo. Kwa dakika chache pale uwanjani mke wangu alikuwa amemwona mwanamume akitoka mstarini kwa akili yake mwenyewe, na alimpenda, nilimwona akimpenda. Na hakuwa mimi.